Nani Aliwanyamazisha Waingereza? Historia ya Kilio na Yowe

Ulimwengu umemjua Mwingereza kwa ukimya wake. Katika filamu, katika riwaya na katika simulizi za wazee waliofanya kazi chini ya maofisa wa kikoloni, yeye ndiye mtu asiyetokwa na chozi msibani wala kupaza sauti anapoudhiwa. Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi hata ikaaminika kuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo. Shule za bweni zilizojengwa Afrika Mashariki kwa kuiga za kwao, kama King's College Budo ya mwaka 1906, Alliance ya Kikuyu ya mwaka 1926 na shule ya serikali ya Tabora, ziliirithisha imani hiyo pamoja na viranja na kengele: kijana aliyestaarabika humeza chozi na kushusha sauti.

Historia ya Uingereza yenyewe inaikana imani hiyo. Kwa karne nyingi Waingereza walilia na kupiga mayowe makanisani, sokoni, mahakamani na hata bungeni, na kwa muda mrefu sheria yao ilimwadhibu aliyenyamaza. Ukimya ulikuja baadaye. Ulijengwa kidogo kidogo, ulikuwa na wajenzi wake, na uliwaumiza watu. Anayetaka kuufuatilia hana budi kuanza na maneno, kwa sababu Kiingereza kimehifadhi ndani ya msamiati wake kumbukumbu ya nyakati ambazo sauti ya mtu ilikuwa na nguvu ya kusimamisha maziko ya mfalme.

Maneno yaliyovuka bahari

Moja ya maneno ya kale ya kilio yanayotumika hadi leo ni "weep", kutoa machozi. Waanglo-Saksoni walilitamka "wepan", nalo lilikuja nao walipohamia kisiwani katika karne ya 5 kutoka pwani za Ujerumani na Denmark. Walikuwa pia na "gretan", kulia, ambalo London imelisahau lakini Scotland bado inalitumia. "Yell", kupiga ukelele, nalo ni la kwao, na lina undugu wa mbali na sehemu ya mwisho ya jina la ndege "nightingale", mwimbaji wa usiku.

Waviking walioivamia Lindisfarne mwaka 793, kisha wakalowea kaskazini na mashariki ya nchi, waliongeza ya kwao. Katika Kinorse cha kale ndimo wataalamu wanapoitafuta asili ya "wail", maombolezo marefu ya msibani, na "screech", ukelele mkali unaokwaruza masikio. Kutoka Ireland lilikuja "keen", kuomboleza maiti kwa wimbo, kazi iliyofanywa na wanawake waliobobea katika sanaa hiyo. Kutoka milima ya Scotland likaja neno lililosafiri kuliko yote: "slogan", ambalo leo ni kaulimbiu ya chama au ya kampuni ya sabuni, lilikuwa kwa Kigaeli ukelele wa jeshi linaloingia vitani.

Neno lililoyafunika mengine lilitoka Ufaransa. Wanormani walioshinda vita vya Hastings mwaka 1066 walileta "cry", na lilipoanza kuandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 13 lilihusu sauti tu: kuita, kusihi, kutangaza. Maana ya kutokwa na machozi ilijijenga polepole na kukomaa katika karne ya 16. Mtaalamu wa Kirumi Varro, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza kwamba chimbuko lake la Kilatini ni kuwaita raia wenzako waje wakusaidie. Wanaisimu wa leo wana mashaka na maelezo hayo, lakini yanatuonyesha Warumi walivyolisikia neno hilo. Kwao, aliyelia alikuwa anaita watu. Wanormani walileta pia "claim", kudai haki, ambalo linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupaza sauti. Katika lugha hiyo, kudai na kupiga kelele vimechipuka kwenye shina moja.

Machozi yenyewe hayakuwa na aibu. Nakala pekee ya utenzi wa Beowulf, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, ipo leo katika maktaba ya taifa jijini London. Humo mfalme Hrothgar, mzee mwenye mvi, anamwaga machozi anapoagana na shujaa aliyeuokoa ufalme wake, na hakuna anayemcheka. Mwishoni mwanamke mmoja anaomboleza kando ya moto unaoiteketeza maiti ya Beowulf, huku akiyataja anayoyaogopa: majeshi ya maadui, mauaji na utumwa. Kilio chake ni uchambuzi wa siasa. Anajua kwamba nchi iliyompoteza mlinzi wake itashambuliwa, naye anasema hivyo kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia.

Yowe lililokuwa sheria

Mwaka 1087 William Mshindi, mfalme aliyeitwaa Uingereza kwa upanga, alikuwa anazikwa Caen huko Normandy. Mwandishi wa historia Orderic Vitalis anasimulia kwamba kabla mwili haujashushwa kaburini mtu mmoja aitwaye Ascelin alisimama mbele ya maaskofu na wakuu, akapaza sauti kwamba ardhi ile baba yake alinyang'anywa na huyo huyo anayezikwa, na kwamba anakataza asizikwe hapo. Maziko yakasimama. Majirani waliulizwa, wakathibitisha, na Ascelin akalipwa kabla ya kazi kuendelea. Mnyonge hakuwa na silaha yoyote isipokuwa koo lake, na mfalme aliyeogopwa kuliko wote akasubiri.

Desturi ya namna hiyo haijafa katika visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyokuwa sehemu ya utawala wa Normandy. Hadi leo, mtu anayeona ardhi yake inaingiliwa anaweza kupiga magoti mbele ya mashahidi, kuita "Haro!" mara tatu na kumwomba mtawala amsaidie. Aliyelengwa analazimika kuacha kazi yake mara moja mpaka mahakama isikilize.

Katika Uingereza yenyewe ukunga uliwekwa ndani ya sheria ya nchi. Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza alitoa Sheria ya Winchester, iliyoimarisha desturi ya kale inayoitwa "hue and cry". Aliyeibiwa au kushambuliwa alipaswa kupiga ukunga, na kila aliyeusikia alipaswa kuacha shughuli zake na kumfuata mhalifu, kijiji hadi kijiji, kwa kelele na kwa baragumu, mpaka akamatwe. Wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 60 walitakiwa kuwa na silaha kadiri ya mali zao. Milango ya miji yenye kuta ilifungwa tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Wizi ukitokea na mwizi asipatikane, watu wa eneo hilo walibebeshwa hasara kwa pamoja.

Rekodi za mahakama za vijiji za karne zile zinaonyesha watu wakitozwa faini kwa sababu walisikia ukunga wakabaki majumbani, na wengine wakitozwa kwa sababu waliupiga bure. Sauti ilikuwa kama hati ya mahakama iliyo wazi kwa kila mtu: maskini, mjane, mtumishi. Wanawake, ambao milango mingi ya sheria ilifungwa kwao, waliutumia ukunga mara nyingi.

Lakini hati hiyo ilikuwa na makali kwa aliyeishika pia. Kitabu cha sheria kinachojulikana kwa jina la Bracton, cha karne ya 13, kinamtaka mwanamke aliyebakwa apige ukunga papo hapo, aende katika vijiji vya jirani na kuwaonyesha watu waaminifu damu yake na nguo zake zilizochanwa. Aliyeshindwa kupiga kelele kwa hofu, au kwa kuzibwa mdomo, alikuwa amepoteza ushahidi wake. Swali la "mbona hukupiga kelele?" ambalo wanawake wengi bado wanaulizwa polisi na mahakamani lina umri wa karne nyingi, na limewadhulumu wengi kuliko lilivyowalinda.

Sheria ya Winchester ilifutwa mwaka 1827. Miaka miwili baadaye waziri Robert Peel aliunda polisi wa London, na kazi ya kumfukuza mwizi ikahama kutoka kwa raia wote kwenda kwa watu wachache wenye sare na mshahara. Jina la ukunga likabaki kwenye karatasi: gazeti la polisi lililochapisha habari za wahalifu wanaotafutwa liliitwa kwa muda "The Hue and Cry".

Machozi ya sala, machozi ya Bunge

Kanisa la Zama za Kati lilifundisha kwamba machozi ni kipawa. Aliyelia kwa ajili ya dhambi zake au mateso ya Yesu alihesabiwa kuwa ameguswa na Mungu. Hakuna aliyekipokea kipawa hicho kwa kishindo kama Margery Kempe wa mji wa bandari wa Lynn, katika Norfolk. Alizaliwa karibu na mwaka 1373, binti wa meya, akaolewa na kuzaa watoto 14, kisha akaenda kuhiji Yerusalemu. Pale Kalvari alianguka, akatandaza mikono, akalia kwa sauti kana kwamba moyo unampasuka. Tangu siku hiyo kilio kilimjia kanisani na njiani, na hata alipomwona mwanamke amempakata mtoto wa kiume.

Kitabu chake, alichosimulia ili wengine waandike, kinatofautisha machozi ya kimya na yowe linalopasua kanisa, kwa maneno mawili tofauti. Kinaeleza pia jinsi watu walivyogawanyika. Wengine walisema amelewa, wengine ana maradhi, wengine ana pepo, na mtawa mmoja aliyesifika kwa mahubiri akamzuia asihudhurie tena. Lakini Julian wa Norwich, mwanamke mcha Mungu aliyejifungia katika chumba kando ya kanisa na ambaye naye aliacha maandishi yanayosomwa hadi leo, alimtia moyo kwamba machozi kama hayo humtesa shetani. Nakala ya kitabu hicho ilipotea machoni pa wasomi kwa karne nyingi, ikatambuliwa mwaka 1934, na wengi wanakiita tawasifu ya kwanza katika lugha ya Kiingereza. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuyaandikisha maisha yake kwa lugha hiyo alikuwa mwanamke aliyelia kwa sauti.

Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yalibadilisha maana ya kumlilia maiti. Serikali ilipofuta mwaka 1547 misa zilizolipiwa kwa ajili ya roho za marehemu, maombolezo marefu yakapoteza msingi wake katika mafundisho. Wahubiri wapya walihimiza kiasi katika huzuni. Wakati huohuo Waingereza walianza kutumia vilio vya wengine kama kipimo cha ushenzi. Mshairi Edmund Spenser, aliyekuwa ofisa katika ukoloni wa Ireland, aliandika miaka ya 1590 kwamba maombolezo ya Wairishi msibani yalipita kiasi na yalinuka upagani. Kabla ya kuifikia Afrika, hukumu hiyo ilifanyiwa majaribio kwa majirani.

Hata hivyo machozi ya wanaume wakubwa yaliendelea kuwa na heshima. Tarehe 5 Juni 1628, spika alileta bungeni ujumbe wa mfalme Charles wa Kwanza ukiwaonya wabunge wasiguse mambo ya serikali na mawaziri wake. Sir Edward Coke, aliyewahi kuwa jaji mkuu, mwenye umri wa miaka 76, alisimama kujibu, machozi yakamzidi, akaketi. Wengine waliojaribu kusema walisema huku wanalia, na spika mwenyewe alilia. Hawakuwa wanyonge wa moyo. Siku mbili baadaye mfalme alikubali ombi lao la haki, waraka unaohesabiwa hadi leo kati ya nguzo za katiba ya nchi hiyo. Na huyo Charles alipokatwa kichwa London tarehe 30 Januari 1649, kijana aliyekuwa katika umati, Philip Henry, alikumbuka kwamba shoka lilipotua watu waliguna kwa sauti moja ambayo hakuwahi kusikia mfano wake.

Biashara ya koo

Wakati wakuu wakilia bungeni, mitaa ya London ilikuwa imejaa kelele za riziki. Samaki, maziwa, vijiti vya ufagio, maua, maji na viatu vikuukuu vilinadiwa kwa nyimbo fupi ambazo kila mkazi alizitambua. Mtunzi wa muziki Orlando Gibbons alizikusanya mwanzoni mwa karne ya 17 katika utunzi wa waimbaji na vinanda vya nyuzi. Mwaka 1687 ulianza kuchapishwa mkusanyo wa picha za Marcellus Laroon, uliofikia picha 74, ukionyesha wachuuzi hao kama watu kamili wenye sura na majonzi yao. Mpiga mbiu wa mji naye alipita na kengele, akianza kwa neno "Oyez", Kifaransa cha Wanormani chenye maana ya "sikilizeni", akitangaza amri, minada na vitu vilivyopotea.

Kati ya sauti hizo ilikuwamo moja ambayo haikupaswa kuwapo. Watoto wadogo walitumwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha, na asubuhi walitembea wakinadi kazi yao, "sweep". William Blake, katika mashairi yake ya mwaka 1789, alimweka mtoto mdogo kiasi kwamba hawezi kuitamka herufi ya kwanza, na sauti ya kunadi kazi ikageuka kuwa neno la machozi, "weep". Hakuna mahali Kiingereza kilipowahi kukutanisha kilio cha riziki na kilio cha maumivu kwa ukaribu kama pale. Bunge lilitunga sheria moja baada ya nyingine bila kuzisimamia, hadi ile ya mwaka 1875 ilipoikomesha kazi hiyo kweli.

Watu wenye nafasi walianza kuchoshwa na kelele za mtaani. Mwandishi Joseph Addison aliziandikia makala gazetini mwaka 1711. Mchoraji William Hogarth alimwonyesha mwaka 1741 mwanamuziki akiziba masikio dirishani huku mtaa wote ukivuma. Sheria ya polisi wa London ya mwaka 1839 ilimkataza mchuuzi kupuliza baragumu au kutumia chombo kingine cha kelele ili kuuza bidhaa zake. Charles Babbage, mwanahisabati aliyebuni mashine za kukokotoa, aliendesha kampeni kali dhidi ya wapiga muziki wa mitaani, na mwaka 1864 Bunge likapitisha sheria ya kuwabana. Mji uligawanyika kati ya walioishi kwa kupaza sauti na walioweza kulipia utulivu, na sheria ikachagua upande.

Mdomo uliokazwa

Ukimya wa machozi ulikuja kwa njia nyingine, na ulichelewa. Karne ya 18 ilikuwa karne ya kulia. Mwaka 1739 George Whitefield aliwahubiria wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, uwanjani, na akaona machozi yakichora mifereji myeupe kwenye nyuso zao zilizojaa masizi. Riwaya ya Henry Mackenzie ya mwaka 1771, The Man of Feeling, ilimsifu mwanamume anayeububujikia uchungu wa wengine, na wasomaji waliichukulia kama kipimo cha utu wao wenyewe. Riwaya hiyo hiyo ilipochapwa upya mwaka 1886, mhariri aliongeza faharasa ya machozi, kurasa zote walipolia watu zikiorodheshwa kwa kejeli. Kilichokuwa fadhila kilikuwa kimegeuka kichekesho.

Kati ya miaka hiyo miwili yalitokea mambo makubwa. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatia hofu watawala wa Uingereza, na hisia zinazomwagika zikaanza kunuka uasi. Dola ilitanuka, na vijana wa kuitawala walihitaji kufinyangwa. Shule za bweni za matajiri ziliwafunga pamoja wavulana wa miaka 7 na 8, mbali na mama zao, na wakajifunza kwamba anayelia ataitwa kwa jina la dharau. Neno "blubber", ambalo zamani lilihusu mapovu ya maji, lilikatwa likawa "blub", kejeli ya mabwenini kwa mtoto mwenye machozi. Msemo unaowatambulisha Waingereza duniani, "stiff upper lip", yaani mdomo wa juu uliokazwa usitetemeke, haukuzaliwa hata kwao. Ulionekana kwanza kwenye maandishi ya Wamarekani mwanzoni mwa karne ya 19.

Sayansi nayo ikaweka muhuri. Mwaka 1872 Charles Darwin alichapisha kitabu juu ya jinsi wanadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Alieleza kwa uangalifu mkubwa kazi ya misuli inayozunguka jicho la mtoto anayelia. Lakini aliandika pia kwamba wanaume wa Kiingereza hulia kwa nadra, isipokuwa kwa huzuni iliyopita kiasi, ilhali wale aliowaita washenzi hulia sana kwa sababu ndogo, akatoa mfano wa chifu wa New Zealand aliyelilia vazi lake lililoharibiwa. Tabia iliyokuwa na umri wa miaka michache tu iliandikwa kama sifa ya kabila zima la watu. Mwanahistoria Thomas Dixon, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu machozi ya Waingereza, anaonyesha kwamba enzi ya mdomo uliokazwa ilikuwa fupi, takriban tangu miaka ya 1870 hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni katika miaka hiyohiyo Uingereza ilipoitwaa Afrika Mashariki. Mababu zetu walikutana na Waingereza katika kipindi walichokuwa wamejinyamazisha kuliko vyote, na walioletwa mbele yao walikuwa wahitimu wa mabweni yale.

Gharama ya ukimya

Bei ililipwa kwenye mahandaki ya mwaka 1914 hadi 1918. Maelfu ya askari walirudi wakitetemeka, wengine wameshindwa kusema kabisa. Wanajeshi 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na upande wao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao walikuwa wagonjwa wa mshtuko wa vita. Walisamehewa na Bunge mwaka 2006, walipokuwa wamelala makaburini karibu miaka 90. Daktari W. H. R. Rivers, aliyewatibu maofisa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, aliandika mwaka 1918 kwamba kuwataka wagonjwa wazike kumbukumbu zao kulikuwa kunawaumiza zaidi. Aliwashauri waziseme.

Taifa liliamua kuomboleza kwa njia iliyolifaa wakati ule. Saa 5 asubuhi tarehe 11 Novemba 1919, dola nzima iliombwa inyamaze kwa dakika mbili. Wazo lenyewe lilitoka Afrika: mji wa Cape Town ulikuwa umesimama kimya kila adhuhuri wakati wa vita, na Sir Percy FitzPatrick ndiye aliyelipeleka London. Ibada hiyo ina uzito wake, nami siidharau. Lakini makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo, wale ambao Kariakoo imebeba jina lao, walikuwa na mama na wake ambao desturi zao ziliwataka walie kwa sauti. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam na Nairobi miaka ya 1920 zina maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu. Vilio vya wafiwa havikuandikwa popote.

Katika enzi hiyo ya ukimya, kupaza sauti kulikuwa kumebaki kwa walionyimwa haki, kama enzi ya Ascelin. Tarehe 13 Oktoba 1905 Christabel Pankhurst na Annie Kenney waliinuka katika mkutano wa chama cha Liberal mjini Manchester na kuuliza kwa sauti kama serikali ijayo itawapa wanawake kura. Walitolewa nje kwa nguvu, wakakataa kulipa faini, wakaenda jela. Magazeti yaliyokuwa yakilipuuza dai lao kwa miaka mingi yaliandika habari zao kesho yake. Wanawake wenye umri wa miaka 30 na zaidi, kwa masharti ya mali, walipata kura mwaka 1918, na wote wakalingana na wanaume mwaka 1928.

Machozi nayo yalirudi hadharani hatua kwa hatua. Winston Churchill, waziri mkuu wa vita, alilia mara nyingi mbele ya watu, hata katikati ya vifusi vya mashariki ya London mwaka 1940, na wananchi walimpenda kwa hilo. Tarehe 4 Julai 1990, mjini Turin, mchezaji wa Uingereza Paul Gascoigne alioneshwa kadi ya njano katika nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ujerumani Magharibi, akatambua kwamba hata wakishinda hatacheza fainali, na macho yake yakajaa machozi mbele ya kamera. Nchi nzima ilimkumbatia. Mwezi Novemba mwaka huohuo waziri mkuu Margaret Thatcher aliondoka katika makazi yake ya Downing Street macho yakiwa mekundu. Princess Diana alipofariki tarehe 31 Agosti 1997, na jeneza lake lilipopitishwa London wiki iliyofuata, watu waliangua vilio barabarani, na magazeti ya nchi yakashangaa kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea kwao. Wale waliomjua Margery Kempe na Bunge la mwaka 1628 hawakuwa na la kushangaa.

Mvutano haujaisha. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria inayowapa polisi wa Uingereza na Wales uwezo wa kuyawekea masharti maandamano kwa sababu ya kelele zake. Kutoka sheria iliyomtoza faini aliyekaa kimya hadi sheria inayombana anayepaza sauti ni mwendo wa miaka 737, na mwendo huo ndio historia ya madaraka: nani anatakiwa kusikika, na nani anaambiwa kelele zake ni usumbufu.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuijua historia hii. Tulifundishwa kwamba mfiwa anayeomboleza kwa sauti ni mshamba, kwamba mwanamume anayelia amepungukiwa, kwamba mwananchi anayepaza sauti mbele ya ofisi hana adabu, na tukaambiwa kuwa ndivyo wastaarabu walivyo. Sehemu ya mafundisho hayo tuliipokea kutoka kwa Waingereza wa kizazi kimoja au viwili, ambao wenyewe walikuwa wameachana na urithi wao wa miaka elfu moja. Hatuna wajibu wa kuwatunzia ukimya ambao wao wenyewe wameshauacha. Mtoto wa kiume akilia shuleni, mjane akiomboleza, mchuuzi akinadi, raia akidai ardhi yake kwa sauti, anayetaka kuwanyamazisha na aeleze kwanza ukimya huo utamfaidi nani.